Jino limetoka, maumivu yamebaki

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Majengo hapa Moshi. Umri wangu miaka 34, mama wa watoto wawili. Nakuandikia nikiwa nimechoka kweli.

Shida ilianza Desemba, msimu wa sare. Unajua mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa Januari hali inavyokuwa, kila mzazi anataka sketi na mashati siku ileile. Nilikuwa nalala saa nane usiku, saa kumi na moja niko juu. Nikaanza kuamka taya limechoka kama la mtu aliyetafuna miwa usiku kucha. Kichwa kinagonga hapa panjani, upande wa kushoto. Sikio nalo likawa linauma, ila halitoi usaha. Duka la dawa wakanipa dawa ya kudondoshea, chupa ikaisha, hali ileile.

Baadaye maumivu yakashukia magego ya chini, kushoto hukohuko. Nikaenda kituo kimoja cha afya. Aliyenihudumia alitazama mara moja, akasema gego la pili kutoka mwisho ndilo baya, akanichoma ganzi, akaling'oa. Mama, lile jino nililiona kwenye kisahani. Zima, jeupe, halina hata tundu. Roho iliniuma. Na maumivu yakabaki palepale. Siku ya tatu nikashindwa kufungua mdomo. Hii ni wiki ya nne, vidole viwili vinaingia kwa taabu. Zamani nikipiga mwayo palikuwa panalia "ka" karibu na sikio, siku hizi hata huo mlio sisikii. Niliporudi nikaambiwa basi litakuwa la jirani yake, nipange siku ling'olewe nalo.

Mume wangu anasema nasaga meno usiku mpaka anaamka. Mama mkwe, yuko Kibosho, anasema hiyo ni minyoo. Ameniletea dawa, nimemeza, hakuna kilichobadilika. Jirani yangu wa kibanda anasema nimerogwa na mwenzangu niliyemchukulia wateja. Juzi mteja mmoja akasema kwao kuna mtu mdomo ulifunga hivihivi, ikawa pepopunda, akafa. Hilo ndilo limeniondolea usingizi kabisa.

Nina marejesho ya kikoba, sina hela ya kuchezea. Niling'oe hilo la pili? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyesomea udaktari, ila usinifiche. Samahani kwa mwandiko, naandika huku natia lupindo, pini nimezishika kwa meno.

Fundi wa Majengo, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nakupa pole ya jino kwanza, maana la mtu mzima likitoka haliotei jingine.

La haraka ndilo hili: usikubali jino la pili ling'olewe mpaka mtu aguse misuli ya taya lako kwa vidole vyake. Nimekaa kwenye kliniki za meno miaka mingi kabla ya kustaafu, na wagonjwa wa namna yako nimewaona wengi. Wanaingia wakishika shavu, wanaonyesha gego kwa kidole, na wana hakika nalo. Jino halina kosa. Kinachouma ni nyama iliyo juu yake.

Weka kazi chini kidogo tufanye pamoja. Pini zitoe mdomoni, nitazirudia. Weka vidole vya mkono wa kushoto shavuni, chini ya mfupa wa kitefute, mbele ya sikio. Sasa uma meno. Umesikia kitu kikivimba na kuwa kigumu kama kiazi? Huo ni msuli unaoitwa maseta. Umeshika juu kwenye mfupa wa kitefute, umeshuka mpaka kona ya taya. Ni mfupi, mnene, na una nguvu nyingi. Legeza meno, kisha ubonyeze taratibu kutoka juu kwenda chini. Nadhani mahali fulani utashtuka, na maumivu yatakimbilia kwenye yale magego ya kushoto, pengine hata lile pengo. Likitokea hilo, umeshapata nusu ya jibu.

Panda mpaka panjani, uma tena. Hapo unaochezacheza ni temporali, umetanuka ubavuni mwa kichwa kama upepeo wa kupepea jiko la mkaa. Nyuzi zake zinakusanyika, zinapita chini ya mfupa wa kitefute na kushika pembe ya mbele ya taya. Ukimtazama mtu aliyenyoa akila nyama choma utauona ukipanda na kushuka. Kichwa chako kinachogonga asubuhi, kwa jinsi ulivyoeleza, kinatokea hapo. Umeufanyisha kazi usiku kucha wakati wewe umelala.

Iko mingine miwili huwezi kuishika kwa nje. Terigoidi wa ndani umejificha upande wa ndani wa taya, mkabala na maseta. Hii miwili, mmoja nje na mmoja ndani, imelibeba taya kama mbeleko ilivyombeba mtoto. Wa nne ni terigoidi wa nje. Huu ni mfupi, umelala kwa mbele kwenda nyuma, kutoka chini ya fuvu hadi shingo ya taya na kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo cha taya, mbele ya sikio. Mitatu ya kwanza kazi yake kubwa ni kufunga. Huu wa nne ndio unaovuta taya mbele tukifungua mdomo, ukisaidiwa na misuli ya chini ya kidevu. Ukivuta wa upande mmoja peke yake, taya linakwenda upande wa pili. Mtazame ng'ombe pale kihambani akicheua, lile taya linalokwenda kando na kurudi, utaelewa mara moja.

Minne kila upande, jumla minane. Watu hudhani shavu lenyewe ndilo linalotafuna. Msuli wa shavu unasukuma chakula kirudi kwenye magego, ila wenyewe unaendeshwa na neva ya uso, ileile inayotuchekesha na kutufumbisha macho. Hii minane inaendeshwa na neva ya tano ya kichwa, traijemina, kwa tawi lake la taya la chini. Na hapa ndipo jino lako lilipoponzwa. Tawi hilohilo ndilo linalopeleka habari za meno ya chini kwenye ubongo, na hata sehemu ya ngozi ya sikio na panja. Habari za msuli uliochoka na habari za gego zinapita njia moja. Ubongo unapokea kilio, unashindwa kujua kimetoka chumba gani, unasema ni jino. Ndiyo maana ulitumia dawa ya sikio, ukatoa jino, na hukupona.

Simlaumu mtu nisiyemwona, lakini jino halisemwi baya kwa kutazamwa mara moja. Linagongwa, linajaribiwa kwa kitu cha baridi, linapigwa picha ya eksrei. Na kuna kipimo kimoja rahisi: likitiwa ganzi sawasawa na maumivu yasiondoke, chanzo hakiko kwenye jino. Nakuomba siku nyingine useme hivyo mbele ya mhudumu, kwa upole lakini kwa sauti: "Naomba kwanza unihakikishie ni jino." Ni haki yako.

Sasa mdomo kufunga. Umesema ilianza siku ya tatu baada ya kung'oa, na hilo limenisaidia sana. Ili kutia ganzi magego ya chini, sindano hupitishwa nyuma kabisa ya kinywa, kwa ndani ya taya, karibu na ule terigoidi wa ndani. Mara nyingine inaugusa msuli, au inatoboa kishipa damu ikavujia humo. Msuli unakasirika, unakakamaa, mdomo haufunguki. Huwa inaachia yenyewe, lakini inaweza kuchukua wiki kadhaa, na inaachia haraka zaidi ukiunyoosha msuli taratibu kuliko ukiuogopa.

Ila kuna jambo jingine ulilogusia ambalo silipuuzi. Ule mlio wa "ka" uliokuwa unausikia mara nyingi ni kile kisahani cha kiungo kimetangulia mbele kidogo, kisha kinarudi kwa kuruka mdomo unapofunguka. Mlio peke yake, bila maumivu, hautibiwi, watu wengi wanao. Lakini mlio ukipotea na mdomo ukawa haufunguki, inawezekana kisahani kimekwama mbele na kichwa cha taya kinakigonga kama mlango uliowekewa kigingi. Kwa barua siwezi kutofautisha hilo na msuli wa sindano. Daktari wa kinywa na meno anaweza, kwa kushika kiungo huku unafungua, na kwa kutazama kidevu chako kinapotea upande gani. Kwa hiyo nenda kliniki ya meno ya hospitali ya mkoa, Mawenzi, uwaeleze kama ulivyonieleza, pamoja na tarehe. Wakiona inahitaji zaidi, wanajua njia ya kukupeleka KCMC, hospitali ya rufaa. Kisahani kilichokwama hupata nafuu zaidi kikishughulikiwa mapema.

Na pepopunda. Mteja wako hakusema uongo, ugonjwa huo huanza kwa taya kwa sababu maseta hukakamaa mapema. Lakini kwa kawaida hausimami kwenye taya wiki nne ukakuacha unashona na kulea. Ndani ya siku chache shingo inakaza, kumeza kunakuwa shida, mgongo unapinda, mwili unakakamaa kwa ghafla hata kwa kelele ndogo. Huna hata kimoja. Tena una watoto wawili, tafuta kadi zako za kliniki ya wajawazito, utaona chanjo za pepopunda zimeandikwa humo. Ukikuta ulikosa, uliza ukienda hospitali. Lala usingizi, mwanangu, hilo liondoe moyoni.

Kwa mama mkwe, mshukuru kwa dawa, amekujali. Lakini mtu mzima anayesaga meno usiku sijawahi kuona dawa ya minyoo ikimtuliza. Kusaga kunachochewa na usingizi mbovu na mawazo, pia kahawa nyingi, pombe, sigara, na kwa baadhi ya watu dawa za ugonjwa wa akili. Wewe umelala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku mwezi mzima, juu yake kuna marejesho. Huhitaji mchawi hapo. Yule mwenzako uliyemchukulia wateja mwache kwa amani yake.

Turudi kwenye pini. Mwandiko wako hauna shida, shida yangu ni ile sentensi ya mwisho. Jaribu sasa hivi mbele ya kioo: shika pini moja kwa meno ya mbele. Umeona taya limesogea mbele? Terigoidi wako wa nje, kulia na kushoto, umevutwa hivyo saa kumi kwa siku, na maseta nao umeuma usidondoshe. Halafu uzi unakatia meno, na bila shaka ni upande wa kushoto. Tangu jino ling'olewe najua unatafunia upande mmoja tu. Hakuna msuli usiolalamika kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo shona kamto kadogo ka pini kwa vipande vya sare, ukajaze makombo ya vitambaa, ukafunge mkononi kama saa. Mkasi mdogo ufunge kwa kamba kwenye cherehani, uzi ukatwe nao. Kisha funga utepe mwekundu mahali ambapo jicho lako halikosi kupita, pale kwenye gurudumu. Kila ukiuona jiulize: meno yangu yamegusana? Meno hayatakiwi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imetulia juu nyuma ya meno ya mbele, pale inapokwenda ukitamka "na". Siku za kwanza utajikuta umeuma kila mara. Usijikasirikie, achia tu. Kati ya yote ninayokuandikia, hili la utepe ndilo nililoona likiwasaidia watu kuliko dawa.

Jioni lowesha kitambaa kwa maji ya moto, kamua, weka shavuni na panjani dakika 15 hadi 20. Asubuhi rudia, na mchana ukipata nafasi. Pima joto kwa mkono kwanza, usiungue. Baada ya joto, kanda maseta kwa vidole viwili kwa kuzungusha, taratibu, dakika mbili tatu. Halafu fungua mdomo polepole mpaka pale panapoanza kuvuta, shikilia kidogo, funga. Mara sita, na zoezi zima mara sita kwa siku. Kuvuta ni sawa, maumivu makali si sawa. Usilazimishe mdomo kwa kijiko wala kwa kidole cha mtu. Ukipiga mwayo, weka ngumi chini ya kidevu usipanue.

Chakula kiwe laini wiki mbili hizi. Hapo Moshi umebahatika, mtori si wa mzazi peke yake, utakufaa kuliko kitu chochote. Ndizi za kupondwa na maharage, uji, samaki, ugali laini na mlenda. Makande, mahindi ya kuchoma, nyama ya mbuzi yenye mishipa na bablishi viache kwanza. Ukianza kula vigumu tena, tafunia pande zote mbili.

Dawa ya maumivu: ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, siku tano, kama huna vidonda vya tumbo, pumu wala ugonjwa wa figo, na kama si mjamzito. Ukiwa na lolote kati ya hayo tumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, duka la dawa wakikupa zote mbili rudisha moja. Kliniki wanaweza pia kukutengenezea kinga ya meno ya kuvaa usiku, plastiki ngumu inayokaa juu ya meno. Haikomeshi kusaga, lakini meno yako yatakula plastiki badala ya kulana yenyewe. Uliza bei kabla.

Kuna wasomaji wengine watakaosoma hapa wakaona nao taya linauma, na wengine hali zao si za kungoja. Uvimbe chini ya taya pamoja na homa, ulimi kuinuliwa, kumeza au kupumua kwa shida: nenda hospitali usiku huohuo, ni usaha unaosambaa. Mwenye zaidi ya miaka 50 anayechoka taya akitafuna, panja linauma ukiligusa, na macho yanafifia, huyo huenda ni mgonjwa wa mishipa ya damu, anaweza kupofuka, asikae nyumbani. Taya linalouma mtu akipanda mlima au akibeba mzigo na kuachia akipumzika, mpeleke akapimwe moyo. Mvutaji au mtu wa ugoro na kuberi ambaye mdomo unazidi kufunga, au ana kidonda kinywani kilichopita wiki mbili bila kupona, apimwe saratani. Na mtu ambaye mdomo umebaki wazi baada ya mwayo, taya limeteleza mbele ya kinundu cha kiungo, na misuli imelishikilia hukohuko. Nakumbuka konda mmoja aliyeletwa alfajiri kutoka stendi, mate yanamtoka, machozi yanamtoka, na shavu limevimba kwa sababu mwenzake alimpiga kofi akidhani litarudi. Daktari alizungushia vidole gumba vyake bandeji, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza chini kisha nyuma. Likaingia. Yule kijana alilia upya, safari hii kwa faraja, na akanishika mkono hakuuachia mpaka tulipomfunga kitambaa kidevuni. Kofi halirudishi taya, linaweza kulivunja.

Wewe mwanangu, kesho asubuhi simama mbele ya kioo kabla ya kufungua kibanda. Pima vidole vinavyoingia wima kati ya meno ya juu na ya chini, uandike kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wako mwenyewe. Wazima wengi hufikisha vitatu. Pima kila Jumatatu. Ukitoka Mawenzi niandikie walisema nini kuhusu kile kisahani, na vidole vimefika vingapi.